Portia Simpson-Miller

Portia Simpson-Miller (amezaliwa Wood Hall, Saint Catherine, 12 Desemba 1945) ni mwanasiasa wa Jamaika na mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo.

Alianzia chini: mwaka 1974 alichaguliwa diwani wa Trench Town West, eneo la watu maskini jijini Kingston, na mwaka 1976 akawa mbunge. Chama chake, People's National Party, kilisusia uchaguzi wa 1983. Alirudi bungeni mwaka 1989 na kupewa wizara ya kazi, ustawi wa jamii na michezo.

Michezo ilimfuata karibu kila wizara aliyohamia. Ndiye aliyekuwa waziri wake tarehe 16 Novemba 1997, timu ya taifa ya mpira wa miguu ilipotoka sare 0–0 na Meksiko na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza.

Kuanzia 2002 alisimamia pia serikali za mitaa na maendeleo ya jamii, na hapo kazi ilikuwa ngumu zaidi. Zimamoto, iliyokuwa chini yake, ilikosa fedha za kutosha. Wapinzani walipoleta bungeni hoja ya kuilaumu serikali kwa hali hiyo, alikataa kupiga kura dhidi yao, jambo ambalo mawaziri hulifanya kwa nadra. Hata hivyo, Februari 2006 wajumbe wa chama walimchagua amrithi P. J. Patterson. Aliongoza serikali 2006–2007 na 2012–2016, akaondoka bungeni mwaka 2017.