Kutoka Jukwaani Hadi Nyuma ya Kaunta: Waimbaji wa River Road

Wahenga wamesema kwamba mcheza kwao hutunzwa, wala hapana shaka kuwa hadhira za Nairobi ziliwatunza waimbaji wao kwa makofi na kwa noti. Lakini hesabu ya nani aliyebaki na faida baada ya ngoma kwisha ilifanywa faraghani, nyuma ya kaunta za maduka ya santuri ya River Road na vichochoro vyake. Mwanamieleka aliyechoka viungo huketi kando ya ulingo akawafundisha vijana namna ya kuanguka bila ya kuumia. Mwimbaji wa River Road naye, akisha kuangushwa mara kadhaa na mikataba, alihamia upande wa pili wa kaunta.

Katika miaka ya 1960 na 1970, santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na nyuso mbili, na kila uso ulichukua dakika chache tu, hata wimbo mrefu ukalazimika kukatwa ukawa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Mtayarishaji ndiye aliyesikiliza mazoezi, akachagua wimbo upi upewe uso wa mbele, akalipia studio na uchapishaji; na maadamu ndiye aliyeimiliki kanda ya asili, aliweza kuchapisha tena na tena, ilhali mwimbaji aghalabu alikwisha kupokea ujira wake wa mara moja na kwenda zake.

Miongoni mwa waliotangulia kuutambua ukweli huo alikuwa David Amunga, mwimbaji wa “America to Africa”, ambaye katika miaka ya 1960 alianzisha Mwangaza Music Store, akahesabiwa katika Waafrika wa kwanza nchini Kenya kumiliki lebo yao wenyewe.

Lakini aliyeishi pande zote mbili kwa muda mrefu ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, Murang'a, mwaka 1939. Kwa lugha ya Kikuyu aliimba “Ndari ya Mwarimu”, akiwakemea walimu wanaowarubuni wanafunzi, na walimu wakaghadhibika. Mwaka 1975, mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa, alimwombolezea kwa wimbo. Mtu mwenye ulimi wa namna hiyo hakuweza kutegemea hisani ya mtayarishaji mwoga, na huenda ndiyo maana alijenga biashara yake mwenyewe, City Sounds, akawa msanii na mwenye duka kwa pamoja.

Kaunta nayo haikuwa ngome. Kaseti zilipoenea, wizi wa kunakili ulifanyika mlangoni pa maduka yale yale yaliyouza nakala halali, na tijara ya santuri ikadhoofu. Mwaka 1993 Kamaru aliziacha nyimbo za kidunia akageukia za Injili, na tarehe 3 Oktoba 2018 akafariki dunia.

Mjukuu wake, naye akiitwa Joseph Kamaru na akijulikana kwa jina la KMRU, ni mwanamuziki wa sauti za kielektroniki, na amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake kwenye intaneti. Wahenga walisema mcheza hutunzwa kwao. Hawakusema kuwa tuzo hufika akiwa bado jukwaani.