"Umetuletea Nini?": Mbunge, Hesabu za Serikali na Boma la Zahanati



Miaka michache iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani. Boma la zahanati ya kata yetu lilikuwa limesimama kwenye linta kwa miaka mingi. Wananchi walishachanga tofali na mchanga, nguvu wametoa wenyewe, na sasa kamati ilikuwa inawaomba watoto wa kata walioko nje watume chochote kwa ajili ya mabati. Mimi, kwa ugonjwa wa kazi yangu ya ualimu, nikamuuliza: hivi halmashauri ilitenga kiasi gani kwa zahanati hiyo, na fedha zile zilikwenda wapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, hayo ya mahesabu utakuja kuwauliza mwenyewe. Sisi tunaomba bati."

Nilituma. Lakini jibu lake limenikaa kichwani, kwa sababu ndani yake mna historia nzima ya Bunge letu. Mbunge ana kazi mbili. Jimboni anaulizwa, "umetuletea nini?" Bungeni anatakiwa aiulize serikali, "zimekwenda wapi?" Wapiga kura wengi wanampima kwa swali la kwanza tu, na serikali ingefurahi sana akiishia hapo hapo.

Swali la kwanza ni la zamani kwetu. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Sera za chama hazikuwa za kubishaniwa, kwa hiyo kilichobaki ni mtu na jimbo lake: anaonekana? anatusaidia? Mwaka ule Paul Bomani, waziri wa fedha, alikosa kiti chake. Yaani mtu aliyeshika mkoba wa nchi nzima aliangushwa na wapiga kura wa kwao. Funzo hilo wanasiasa hawakulisahau.

Swali la pili tulilirithi kutoka huku ninakoishi. Mwaka 1861 Gladstone, akiwa waziri wa fedha wa Uingereza, alisimamia kuundwa kwa kamati ya Bunge ya kupitia hesabu za serikali, na baadaye ikawa desturi mwenyekiti wake atoke upinzani. Sisi tulichukua kamati, ile desturi tukaiacha kwa muda mrefu. Ilikuja mwaka 2008, chini ya Spika Samuel Sitta, wakati kamati tatu za hesabu zilipowekwa mikononi mwa wapinzani: John Cheyo akapewa Hesabu za Serikali (PAC), Dk. Willibrod Slaa Serikali za Mitaa (LAAC), na Zitto Kabwe Mashirika ya Umma (POAC). Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Ukaguzi wa Umma. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) lazima zifike Bungeni, na katika miaka ile Ludovick Utouh na wakaguzi wake walizifanya zisomwe hadi vijiweni. Watu wakajifunza msamiati mpya: hati safi, hati yenye shaka, hati chafu.

Nataka nimtazame Zitto kwa sababu njia yake inaonyesha kazi zote mbili kwa uwazi. Aliingia Bungeni 2005 kwa jimbo la Kigoma Kaskazini, huko mwisho wa reli. Agosti 2007 alileta hoja binafsi akitaka kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri Nazir Karamagi alikuwa amekwenda kuusaini London mwezi Februari. Bunge likamsimamisha kwa madai kwamba amesema uongo. Angalieni ramani, jamani: Buzwagi iko Kahama. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika angeweza kabisa kuuliza, dhahabu ya Kahama inatuhusu nini sisi? Lakini miezi mitatu baadaye Rais Kikwete alimteua mbunge huyo huyo katika kamati ya kuangalia sekta ya madini iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani, mdogo wake yule waziri wa 1965. Kisha ikaja Sheria ya Madini ya 2010, ambayo ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na kuutoza kwenye thamani ghafi. Fedha hiyo inaingia mfuko mkuu, na mfuko mkuu ndio unaolipa mishahara ya waganga na walimu wa Kigoma.

Aprili 2012, baada ya taarifa ya CAG, Zitto alianza kukusanya saini za wabunge ili ipigwe kura ya kutokuwa na imani na waziri mkuu. Baadhi ya wabunge wa chama tawala nao walitia saini, akiwemo Deo Filikunjombe wa Ludewa. Kura haikupigwa, lakini mwezi uliofuata baraza la mawaziri likapanguliwa na mawaziri sita wakaachwa nje. Mwaka 2013 POAC iliunganishwa na PAC, Zitto akawa mwenyekiti na Filikunjombe makamu wake. Novemba 2014 wawili hao, mpinzani na mwana CCM, walisoma taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow, ambamo zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimechotwa Benki Kuu. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo akaachia ngazi. Filikunjombe alifariki kwa ajali ya helikopta Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi.

Sasa basi, katikati ya kipindi hicho hicho cha ukaguzi kulifanyika jambo lililokwenda upande mwingine kabisa. Mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mwenyekiti wa kamati ya mfuko ni mbunge mwenyewe. Kenya walitangulia mwaka 2003, kwa kutenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Nia ilikuwa njema, na siwezi kukana kwamba madarasa yamejengwa. Lakini tazameni kilichotokea: anayetakiwa kuuliza "zimekwenda wapi?" amekabidhiwa fungu lake, na yeye sasa ni wa kuulizwa. Mlinzi amepewa duka. Mahakama za Kenya zimeliona tatizo hili. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya mfuko ya 2013, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikabatilisha hata ile ya 2015 iliyokuja kuchukua nafasi yake. Wabunge nao mwaka 2025 wakapitisha muswada wa kuuingiza mfuko ndani ya Katiba. Kukiachia kijiko si jambo jepesi.

Wapo wenzangu wasomi wanaosema mwananchi wa kawaida hajali hesabu, anajali bati. Mimi siafiki, ingawa mdogo wangu mwenyewe ananitia majaribuni. Zitto alichaguliwa tena Kigoma Kaskazini 2010, na 2015 akahamia Kigoma Mjini kwa chama kipya na akashinda. Mwaka 2020 alitangazwa ameshindwa, katika uchaguzi ambao wapinzani waliyakataa matokeo yake. Sisemi kwamba alikuwa malaika, na sera zake tunaweza kubishana hadi asubuhi. Ninachosema ni kwamba wapiga kura wa mkoa wa pembezoni walimrudisha mara mbili mtu ambaye umaarufu wake ulitokana na kusoma makabrasha.

Udhaifu wenyewe uko kwingine. Kazi ya hesabu inategemea ruhusa ya wakubwa. Mwaka 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG Profesa Mussa Assad kwa sababu alitamka neno "udhaifu" alipolizungumzia Bunge hilo, na Novemba mwaka huo akaondolewa kabla ya muda wake. Zitto alifungua shauri, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kule kulivunja Katiba. Hukumu nzuri, ila mtu alishaondoka na miaka mitatu ilishapita.

Ndiyo maana narudi kwenye boma letu. Zahanati ile inasubiri bati, na kipo kitabu ambamo fungu lake liliandikwa au halikuandikwa, lilifika au lilichepushwa. Kitabu hicho kinaishia mezani kwa LAAC Dodoma, kwa hiyo mbunge anayekisoma vizuri anaifanyia kazi kata yetu hata kama hajakanyaga pale na kilo moja ya misumari. Siku nitakayorudi likizo nitakwenda kuuliza kama mdogo wangu alivyonielekeza, na nitamwomba anisindikize. Nyumba haiezekwi kwa hesabu, kweli, lakini sisi tumeshaezeka mara moja kwa mifuko yetu, na sioni kwa nini tuje kuezeka mara ya pili.

Nawasilisha, na nipo tayari kukosolewa.