Kipimajoto cha mbali na seva ya nyumbani

Kipimajoto cha mbali hupima joto mahali kilipowekwa na kutuma vipimo, mara nyingi kupitia Wi-Fi, hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayosimamia vifaa vya nyumbani.

Njia mojawapo inayotumika sana ni itifaki ya MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Kipimajoto hutuma ujumbe kwa programu ya kati, nayo huufikisha kwenye seva, ambayo huuhifadhi na kutoa tahadhari panapohitajika.

Manufaa yake huonekana kwenye jokofu lenye insulini, ambayo kabla ya kufunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Hata hivyo, kipimajoto kikizimika, seva huweza kuendelea kuonyesha kipimo cha mwisho kana kwamba hali ni shwari.

Ndiyo maana MQTT ina utaratibu wa “wosia”: ujumbe ambao kipimajoto hukabidhi programu ya kati mapema, nao hutangazwa mawasiliano yakikatika ghafla. Aidha, seva huweza kupangiwa muda ambao kipimo kisichofanywa upya hubatilika. Bila hatua hizo, ukimya wa kipimajoto hudhaniwa kuwa usalama, ilhali dawa inaharibika.