Kariakoo ni Jina la Nani?

Msafiri anayetaka kuujua mji asianzie hotelini wala kwenye ofisi za wakubwa. Aende sokoni. Huko ndiko atakakojua wenyeji wanakula nini, wanataniana vipi, na shilingi yao ina nguvu gani. Ndiyo maana mwaka 2019, nilipofika Dar es Salaam kwa basi kutoka Nairobi, asubuhi yangu ya kwanza niliimalizia Kariakoo.

Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika watu. Nguo, viatu na sufuria vilitandazwa hadi katikati ya njia, na machinga waliita wateja kwa sauti za kuimba. Nikajipenyeza hadi Soko Kuu, lile jengo la zege lenye paa mithili ya miavuli mikubwa iliyofunguliwa. Msanifu wake alikuwa Mtanzania, Beda Amuli, na Rais Julius Nyerere alilifungua mwaka 1975. Ndani nilikuta nyanya, nazi, vitunguu, dagaa na mchele, chakula cha kulisha jeshi zima.

Nilikuwa nauliza bei ya mchele niliposikia nyuma yangu, "Mzigo! Mzigo! Pisha, kaka!" Kijana akanipita mbio, gunia begani, jasho linamtiririka. Nikatoka nje kupumzika kwa muuza kahawa, mzee wa makamo ya babu yangu.

"Shikamoo, mzee. Hili jina Kariakoo maana yake nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nililikuta. Kariakoo ni Kariakoo tu." Akanimiminia kikombe cha pili na kunisogezea kashata.

Sikumbishia. Lakini jibu lile lilinikaa moyoni, kwa sababu kwetu Nairobi pia tuna soko la Kariokor, mahali pa kununulia vyondo na ndara za ngozi na kula nyama choma, na ukiwauliza wanunuzi maana ya jina, wengi watakujibu kama mzee yule.

Majina yote mawili yametokana na neno moja la Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani waligundua kwamba bunduki haina miguu. Reli zilikuwa chache, barabara za magari karibu hakuna, na ng'ombe na farasi waliuawa na ndorobo. Akabaki binadamu. Mwafrika ndiye aliyebeba risasi, mahema, majeruhi na chakula cha askari. Naye alihitaji kula, kwa hiyo wapagazi wengine walibeba chakula cha wapagazi, na kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, ndivyo msururu ulivyorefuka.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Mahali ambapo Wajerumani walikusudia pawe soko, wao wakapafanya kambi ya wapagazi. Baada ya vita soko likarudi, lakini jina la kambi likabaki. Wenyeji waliligeuza likaingia vizuri kinywani: Kariakoo.

Wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza na washirika wao hukadiriwa kufikia milioni moja. Wengi wao hawakujitolea. Nchini Kenya, mwaka 1917, serikali iliendesha msako mkubwa wa vijana, na machifu wakatakiwa kutoa watu. Hesabu inayotajwa mara nyingi ya waliokufa ni kiasi cha 95,000.

Nao hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na malaria, kichomi, baridi ya milimani, na zaidi ya yote kuhara. Sababu kubwa ya kuhara huko ilikuwa chakula. Mtu aliyezoea wali au ndizi alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, kisha akakosa kuni, sufuria na muda wa kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika, mwili ukaisha, na mzigo ukapewa mwingine. Mimi nilikuwa nimeketi nakula kashata mahali palipokuwa kambi yao, nimezungukwa na magunia ya vyakula vya kila aina.

Nisiwafiche, jambo hili linanigusa. Baba yake babu yangu alichukuliwa katika msako ule wa 1917, kutoka Ukambani. Babu alizaliwa baba yake akiwa ameshaondoka, na hakumwona maisha yake yote. Barua haikuja. Kaburi hatulijui. Tulichobaki nacho nyumbani ni jina lake na neno hilo, kwamba "alikwenda Kariakoo". Nilipokuwa mdogo nilidhani alikwenda kununua kitu sokoni, akapotea.

Askari aliyepigana ana sanamu yake katikati ya Dar es Salaam, ameshika bunduki yenye singe. Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu tatu, na mmoja wa hao watatu ni mpagazi. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba wapiganiao nchi yao, hata wakifa, watoto wao watayakumbuka majina yao. Ahadi nzuri. Lakini majina ya maelfu ya wapagazi hayakuchongwa mahali popote, na hata mishahara ya wengi waliokufa haikuzifikia familia zao. Kilichobaki ni jina la kikosi, tena bila maana yake.

Julai 2021 niliposikia kwamba moto umeliunguza Soko Kuu la Kariakoo, nilimkumbuka mzee wa kahawa na yule kijana wa gunia. Jengo huweza kukarabatiwa. Maana ya jina ikishapotea, hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa wakubwa wa miji hii miwili. Siku ile sikuona kibao chochote cha kumweleza mgeni habari hii. Wekeni kimoja Kariakoo na kimoja Kariokor, kwa Kiswahili, penye mlango wanaoingilia watu wa kawaida. Kiseme hapa palikuwa na kambi ya watu waliobeba vita vya wengine, wakafa kwa maradhi na njaa, na kwamba soko hili linaitwa kwa jina la kazi yao.

Na wewe msikilizaji, siku ukienda huko na kikapu chako, ukasikia "Mzigo! Mzigo!", mpishe huyo kijana. Kisha umwambie mtoto uliyemshika mkono kwa nini mahali hapo panaitwa hivyo.