KWININI: UCHUNGU WA DAWA NA UCHUNGU WA KUTEGEMEA

Katika darasa la siasa tuliloliendesha Gendabi, chini ya Mlima Hanang, mama mmoja alituuliza: "Ndugu mwalimu, ile kwinini tuliyonyweshwa utotoni huku tumeshikwa mikono, ilikuwa dawa ya nani?" Wenzake walicheka. Sisi tuliona kuwa swali hilo ni la kiitikadi, na tunalijibu hapa kwa faida ya makada wote.

Kwinini hutokana na magome ya sinkona, mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Wamisionari wa Kijesuiti waliyafikisha magome hayo Ulaya katika karne ya 17. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga dawa yenyewe kutoka katika gome. Tangu hapo majeshi ya mabeberu yaliweza kukaa katika nchi za joto bila kumalizwa na homa. Dawa iliyookoa maisha ikawa pia silaha ya kutawala.

Mnyonge aliyeujua mti alipata nini? Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia, alimkusanyia mfanyabiashara Charles Ledger mbegu bora. Mwaka 1865 Waholanzi walizinunua, wakazipanda Java. Baadaye Mamani alifungwa kwa sababu ya kukusanya mbegu, akapigwa, akafa. Kufikia miaka ya 1930 zaidi ya tisa ya kumi ya kwinini ya dunia ilitoka Java, na bei ilipangwa kwa mapatano ya wenye mashamba na wenye viwanda.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, na sinkona ilipandwa huko. Vita ya 1914 ilipofunga njia ya bahari, Amani ilitengeneza vidonge vya kwinini kwa jeshi la von Lettow-Vorbeck. Jeshi lilipoikimbia Usambara mwaka 1916 lilichukua magome, likayachemsha na kunywa maji yake machungu. Mizigo ya jeshi hilo ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika, ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa.

Funzo ni nini? Mti ulikuwapo, ujuzi ulikuwapo, mikono ilikuwapo. Kilichokosekana ni mamlaka ya wananchi juu ya vyote vitatu. Mkoloni alijitegemea katika ardhi yetu alipobanwa. Vita ilipokwisha, hakutuachia kiwanda cha wananchi.

Tulinganishe na China. Mwaka 1967, kwa ombi la Vietnam iliyokuwa vitani, dola ya China iliwakusanya wanasayansi wake watafute dawa mpya ya malaria. Tu Youyou alisoma vitabu vya kale vya waganga wa Kichina, na mwaka 1972 kundi lake lilipata artemisinini kutoka katika mmea wa jamii ya pakanga. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilikuwa sugu, na mwaka 2006 ikaanza kutumia dawa mseto yenye asili katika mmea huo. Kwinini ilibaki ya malaria kali, hadi sindano ya artesunate ilipochukua nafasi yake.

Hapa makada tujihadhari na kosa moja. Kujitegemea si kumwambia mwananchi achemshe magome na majani nyumbani. Gome halina kipimo, na kwinini ikizidi huvumisha masikio na hudhuru moyo. Kujitegemea ni kupima damu zahanati, kumaliza dozi, na kudai kwamba shamba, maabara na kiwanda viwe mikononi mwa wananchi.

Basi tulimjibu mama wa Gendabi hivi: dawa huwa ya yule anayeshika mti, ujuzi na mtambo kwa pamoja. Anayeshika kimoja tu huambulia uchungu wake.