Tangazo Lililovaliwa Kiunoni

Ukitandaza leso, macho hukimbilia jina, yale maneno ya katikati ambayo mvaaji huwa amemkusudia mtu. Shuka kidogo hadi ukingoni mwa pindo. Hapo pana herufi ndogo ambazo wengi huzipita: K.H.E. – Mali ya Abdulla. K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara mwenye asili ya Bara Hindi ambaye duka lake la Mombasa linajihesabia umri tangu 1887. Abdulla ndilo jina watu walilomjua nalo sokoni. Duka liko Biashara Street, na limebaki mikononi mwa familia.

Mimi nauza leso, kama alivyouza mama yangu. Kwa hiyo nikiuangalia ule ukingo, naona hesabu ya biashara kabla sijaona urembo.

Turudi nyuma kidogo. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya mraba vilivyochapwa mfululizo kwenye jora moja. Walikata sita, wakashona vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana yenye sura ambayo haikuwa dukani. Wafanyabiashara hawakubuni chochote hapo. Walichofanya ni kuwatazama wateja wao, kisha wakaagiza nguo nzima iliyochapwa hivyo. Oda zilikwenda Ulaya na baadaye Bara Hindi na Mashariki ya Mbali. Huko Helmond, Uholanzi, zilichapwa na kampuni nyingine ya familia, ya akina van Vlissingen, iliyoanza 1846. Fikiria hatari yake: unachagua mchoro leo, mzigo unakuja kwa meli baada ya miezi, nao mabibi wa mjini wameshahamia mtindo mwingine. Mzigo wa namna hiyo uliozea ghalani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 leso zikaanza kuandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Kaderdina ndiye anayetajwa zaidi kuwa aliyelianzisha jambo hilo. Kibiashara lilikuwa na faida mbili kwa mpigo. Mchoro uleule ukibadilishiwa jina unakuwa leso mpya, na mwenye nayo kabatini atanunua tena. Na leso yenye neno husomwa: arusini, matangani, kwa jirani, inapoanikwa kambani. Anayesoma neno la katikati huishia kuuliza imetoka duka gani, na jibu limeshachapwa ukingoni. Mwanamke alilipa kwa fedha yake kulibeba tangazo la Abdulla kiunoni, akalifua, akalianika, akalivaa tena. Sijaona bango lenye bidii kama hiyo.

Mama alichukua mzigo kwa mali kauli, alipe akishauza, nusu korija kila mara, yaani doti kumi za leso mbili mbili, akazitembeza nyumba kwa nyumba na kulipwa kidogo kidogo kila Ijumaa. Hakuwa na duka wala kibao. Akipiga hodi na kufungua furushi, swali la kwanza lilikuwa lilelile.

"Bi mkubwa, hii mali ya nani?"

"Ya Abdulla, mwanangu. Tazama ukingoni."

Baada ya hapo ubishi ulikuwa wa bei tu. Ubora wa nguo haukujadiliwa, maana mtu aliyemjua mama kidogo alilijua lile jina sana. Mchuuzi wa furushi aliazima heshima ya kampuni, nayo kampuni ikafika kwenye vibaraza ambavyo mwenye duka asingefika.

Jina la namna hiyo huvuta waigaji. Zipo leso zinazoiga mchoro, hata mwandiko. Mteja wangu mmoja aliniletea doti aliyouziwa stendi, ukingo wake mtupu, na maji ya kwanza yalikuwa yametoka mekundu ndooni. Mimi hukagua hivi: nageuza leso nione kama rangi imepenya hadi nyuma, nasugua pindo kwa kidole kilicholowa, naifikicha pembe wanga utoke nijue uzito halisi wa pamba. Mwisho natazama kama vipande viwili vya doti vitakatika bila pindo la kimoja kuliwa. Mafundi wa vyerehani wanaokaa nje ya maduka watakuambia hilo la mwisho haraka kuliko mimi. Wao ndio wanaokata na kupinda.

Viwanda vya kwetu navyo viliingia. Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilifunguliwa 1968, na kanga, jina jingine la leso, ikawa pia chombo cha vyama na serikali, ikachapwa nyuso za viongozi na sherehe za taifa. Hiyo ni habari nyingine. Nitasema tu kwamba kanga ya bure ya kampeni haijawahi kunipunguzia wateja; wanaitumia jikoni.

Ninachokiona katika nyumba kama ya Abdulla ni kwamba vitu viwili havikuchanganywa. Michoro na maneno viliachwa viende na wateja, tena maneno mengi yalitoka vinywani mwa wanawake wenyewe, mipasho yao na dua zao. Jina la ukingoni halikuguswa. Vizazi vimepokezana, pengine vimegombana kama familia zote zinavyogombana juu ya fedha, lakini mnunuzi hakuletewa ugomvi huo dukani. Sisi wadogo tunafanya kinyume. Binti yangu anapenda kubadili jina la biashara yetu kwenye simu kila inapofika Idi, akidai lina mvuto zaidi. Wateja wa zamani wakitafuta hawatuoni. Nimemwambia abadili picha apendavyo, jina aliache.

Kumbukumbu za biashara hii ziko makabatini mwetu. Daftari za oda zimo mikononi mwa wenye kampuni, lakini leso zenyewe zimo majumbani, nyingine zikiwa na nambari ya mchoro ukingoni. Msomaji, ukikuta sandukuni mwa bibi yako leso iliyochakaa, usiichane kuwa tambara la kufutia meza kabla hujausoma ukingo. Muulize aliinunua wapi, mwaka gani na kwa bei gani, uandike, kisha uiweke pamoja na karatasi hiyo.