Kosa la lenzi lililogeuka pambo

Jana rumeti wangu kamaliza saa nzima anabandika miali kwenye taa za video ya mahafali. Nikacheka, maana watu walihangaika kweli kuiondoa hiyo kitu.

Mwanga mkali ukiingia kwenye lenzi unadundadunda kati ya vioo vya ndani, unaacha viduara na michirizi kwenye picha. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss, Ujerumani, akapata njia ya kupaka vioo utando mwembamba, tatizo likapungua. Halafu wapiga picha wa Marekani wakaanza kuiacha miali makusudi: Conrad Hall kwenye Cool Hand Luke (1967), László Kovács kwenye Easy Rider (1969). Jua likikupiga usoni hivyo unaamini kamera ilikuwepo pale kweli.

Sasa kompyuta haina lenzi! Picha zake safi mno, mpaka zinaonekana za uongo. Ndo John Knoll, mmoja wa waliotengeneza Photoshop, akatengeneza pia programu ya miali, Knoll Light Factory. Yaani kosa likaanza kuuzwa.

Ila viduara vya kweli hupita katikati ya picha na kuhama kamera ikigeuka. Vya rumeti vimeganda tu, hata mshumaa wa keki kauwekea!